Betri ya bodaboda iko tayari, mkataba wake bado

Kila mwaka hutangazwa betri mpya itakayomaliza ubishi wa magari ya umeme. Machi 2025 kampuni ya BYD ya China ilionyesha mfumo wa kuchaji wa megawati moja, unaolipatia gari umbali wa kilomita 400 kwa dakika tano. Mwezi uliofuata CATL, nayo ya China, ikatambulisha betri ya sodiamu iitwayo Naxtra, yenye wati-saa 175 kwa kila kilo. Toyota inasema magari yenye betri za elektroliti ngumu yatatoka 2027 au 2028. Habari hizi zina uzito wake, lakini zimejenga imani kwamba usafiri wa umeme bado unasubiri uvumbuzi fulani. Kwa dereva wa bodaboda wa Mbagala au bajaji wa Tegeta, uvumbuzi anaouhitaji ulishafanyika, na betri yake inauzwa kwa makontena. Kinachomkwamisha ni soketi, fundi, na karatasi anayowekewa mbele asaini.

Betri yenyewe ni ya lithiamu na fosfati ya chuma, LFP kwa kifupi. Ilitoka katika maabara ya John Goodenough, Chuo Kikuu cha Texas, miaka ya 1990. Goodenough ni mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019 kwa kazi yao ya betri za lithiamu. Kwa muda mrefu LFP ilidharauliwa kwa uzito wake: kilo moja ya seli, vile vipande vinavyounganishwa kuwa betri, hubeba wati-saa 160 hivi, wakati seli za nikeli na kobalti hufika 250. Lakini hii haishiki moto kirahisi, na huvumilia kujazwa na kutumika mara 2,000 hadi 4,000 kabla uwezo wake haujashuka hadi asilimia 80. Mwenye gari la nyumbani anayekwenda kilomita 30 kwa siku hawezi kuimaliza mizunguko hiyo. Bodaboda anayekwenda kilomita 120 kila siku ataimaliza, ndiyo maana inamhusu kuliko mtu yeyote. Kwa takwimu za BloombergNEF, wastani wa bei ya betri za lithiamu duniani ulikuwa zaidi ya dola 1,000 kwa uniti moja, yaani wati-saa 1,000, mwaka 2010. Mwaka 2024 ulikuwa dola 115.

Tupige hesabu, maana bila namba ubishi huu hauishi. Chukua betri ya pikipiki inayouzwa kwa jina la volti 72. Ikiwa ni ya LFP, mara nyingi ndani yake kuna seli 24 zilizounganishwa mfululizo, kila moja volti 3.2, jumla volti 76.8. Ikiwa ni ya ampea-saa 40, inabeba uniti 3.07 na uzito wake ni kilo 25 hivi. Hakuna anayeikausha hadi mwisho. Tuseme dereva anatumia asilimia 85, yaani uniti 2.6. Pikipiki yenye abiria mmoja hula kama wati-saa 40 kwa kilomita katika safari za mjini, kwa hiyo betri moja ni kilomita 65. Kilomita 120 za siku zinataka uniti 4.8 kutoka kwenye betri. Ukiongeza zinazopotea kwa joto la chaja, LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, itakata uniti 5.3. Kwa bei ya TANESCO ya T1, ya watumiaji wa kawaida, ambayo pamoja na kodi na tozo ni kama shilingi 356 kwa uniti, umeme wa siku nzima ni shilingi 1,900.

Pikipiki ya petroli ya cc 125 au 150 huenda kilomita 45 kwa lita ikiwa injini ni nzima. Kilomita 120 ni lita 2.7. Kwa bei ya takriban shilingi 2,800 kwa lita, iliyokuwapo Dar es Salaam nusu ya pili ya 2025, hizo ni kama shilingi 7,500, na oili bado.

Wauzaji wengi hukomea hapo: 1,900 dhidi ya 7,500. Hesabu hiyo ina tundu, kwa sababu betri nayo inaliwa. Tuseme betri hiyo imefika mkononi mwa mnunuzi kwa shilingi 1,500,000, na inadumu mizunguko 2,000 huku uwezo ukipungua taratibu. Itatoa jumla ya uniti 4,700 hivi, ambazo ni kilomita 117,000, au siku 980 za kazi. Gawanya: kila siku dereva anatafuna betri yenye thamani ya shilingi 1,530. Jumla ya umeme na betri ni kama 3,430. Faida halisi dhidi ya petroli inabaki shilingi 4,000 kwa siku. Bado ni fedha nzuri, lakini ni fedha ambayo mtu mwingine anaweza kuichukua yote kwa riba au kwa bei ya kubadilishia betri, na dereva asijue ilipotelea wapi.

Ndiyo maana namba muhimu kuliko zote kwa anayetumia kituo cha kubadilishia betri, anakoacha iliyokwisha na kuchukua iliyojaa, ni bei ya ukomo. Kwa kilomita 65 kwa betri, dereva wetu anabadilisha mara 1.85 kwa siku. Kila betri iliyojaa ikiuzwa shilingi 4,000, amerudi palepale alipokuwa na petroli. Ikiuzwa 3,000 anabakiwa na 1,950. Mwenye njia ya vilima hesabu inambana zaidi, kwa sababu akila wati-saa 50 kwa kilomita, betri ileile ni kilomita 52 na ukomo wake unashuka hadi 3,200. Dereva yeyote anaweza kujipimia: aandike kilomita alizokwenda kwa betri tano mfululizo, atafute wastani, halafu azidishe na gharama yake ya petroli kwa kilomita. Kwa mfano wetu gharama hiyo ni shilingi 62. Bei ya betri ikiwa juu ya jibu lake, biashara haipo.

Sasa kuchaji nyumbani. Chaja ya ampea 10 ya betri hii inavuta kama wati 900 ukutani, pungufu ya pasi ya umeme, na inajaza betri kwa saa nne. Soketi ya kawaida inatosha, ilimradi waya wake ni wa milimita za mraba 2.5 na si ule mwembamba wa taa uliounganishwa kwa selotepu. Kwa upande wa ufundi, basi, hakuna kizuizi. Kizuizi kiko kwenye nyumba ya kupanga. Vyumba sita vinatumia LUKU moja na kila mpangaji anachanga sawasawa. Akitokea mmoja anayechaji pikipiki, anaongeza uniti 138 kwa mwezi wa siku 26 za kazi, pengine zaidi ya wanazotumia wote waliobaki. Kama mita hiyo iko kwenye D1, bei ya watumiaji wadogo ya shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, mambo yanakuwa mabaya zaidi: nafuu hiyo inaishia uniti 75, na zinazozidi zinatozwa shilingi 350. Ugomvi utaanza mwezi wa kwanza. Dawa yake ipo na ni rahisi: mita ndogo ya pembeni kwenye laini ya chaja, ambayo fundi umeme anaifunga kwa chini ya saa moja, na makubaliano kwamba mwenye chaja analipa uniti zake kwa bei ya juu. Anayeuza pikipiki za umeme bila kuuliza mteja wake analala wapi na analipaje LUKU anauza tatizo.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Kilomita 120 zinazidi betri moja. Anayechaji nyumbani lazima awe na betri mbili, au apate saa tatu au nne za kuchaji mchana. Kijiwe chenye soketi mbili salama, kivuli na mtu wa kulinda kinafaa kuliko mtambo wa dakika tano.

Umeme wenyewe upo. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa, lina uwezo wa megawati 2,115. Pikipiki laki moja zikichajiwa kwa pamoja usiku kwa saa nane zinahitaji megawati 66 tu. Shida huanza mwisho wa laini, kwenye nguzo ya mtaa. Kituo chenye chaja 20 za haraka, kila moja ikivuta kilowati 3.5, ni kilowati 70. Ukikichomeka kwenye transfoma ya kVA 100 ambayo tayari inalisha mtaa mzima, kuanzia saa moja hadi saa nne usiku volti zitashuka, chaja zitajikata, na majirani wataona taa zao zikififia. Kenya ililikabili tatizo hili kwa bei: tangu 2023 kuna kundi maalumu la bei ya umeme wa vyombo vya usafiri, lililoanza na shilingi 16 za Kenya kwa uniti, na nane wakati wa matumizi madogo, kabla ya tozo. Bei ya namna hiyo inamfanya mwenye kituo asubiri usiku wa manane bila kulazimishwa na mtu.

Tuingie ndani ya betri, maana huko ndiko fedha hupotea. Malalamiko yanayojirudia kwa madereva ni haya: kioo kinaonyesha asilimia 35, anapandisha kilima na abiria, pikipiki inazima ghafla. Akisubiri dakika mbili inawaka tena na kusoma asilimia ileile. Wengi husema betri imeibiwa chaji. Kilichotokea ni hiki. Seli 24 ziko mfululizo, kwa hiyo mkondo unaopita kwenye moja ndio unaopita kwenye zote. Seli moja ikichoka, chini ya mzigo volti zake huporomoka kabla ya wenzake. Ikigusa volti 2.5, saketi ya ulinzi ambayo mafundi huiita BMS inakata betri nzima, hata kama seli 23 zina chaji ya kutosha. Mzigo ukiondoka, volti zinapanda, na pikipiki inawaka.

Fundi anayeijua kazi yake hapimi betri ikiwa imepumzika, kwa sababu LFP hudanganya: kati ya asilimia 30 na 90 volti za seli hubaki karibu 3.25 hadi 3.33. Anaiweka kwenye mzigo wa ampea 20 au 30, kisha anapitisha mita seli kwa seli. Ishirini na tatu zitasoma 3.15, moja itasoma 2.8. Hiyo ndiyo mgonjwa. Ikiwa seli ni za bapa zilizofungwa kwa bolti na vipande vya shaba au alumini, kuibadilisha ni kazi ya saa mbili, ilimradi mpya iwe na uwezo na ukinzani wa ndani unaokaribiana na wa wenzake, na ijazwe peke yake hadi volti 3.65 kabla ya kuingizwa. Ikiwa ni seli za mviringo zilizochomelewa kwa vipande vya nikeli, kazi ni ngumu zaidi, na anayetumia pasi ya kulehemu ya fundi redio anaziua kwa joto. Ikiwa kasha limemiminwa gundi ndani, hakuna ukarabati. Seli 23 nzima zinatupwa kwa ajili ya moja.

Tabia hiyo ya LFP ya kubaki na volti zilezile ina madhara mengine. BMS haiwezi kujua chaji iliyobaki kwa kupima volti, kwa hiyo inahesabu ampea zinazoingia na kutoka, na kosa dogo la kila siku hujilimbikiza. Dawa ni kuijaza hadi asilimia 100 walau mara moja kwa wiki na kuiacha kwenye chaja nusu saa zaidi, ili seli zisawazishwe na hesabu ianze upya. Vituo vingi vyenye haraka hutoa betri kwenye asilimia 90 au 95, na betri ambayo haifiki kileleni kwa wiki kadhaa lazima ipotee hesabu.

Joto ndilo linaloua taratibu. Betri iliyotoka kwenye barabara ya mchana wa Dar es Salaam inaweza kuwa na nyuzi 45 au zaidi ndani ya kasha. Kuichomeka papo hapo kwenye chaja ya ampea 40 ni kuila miaka yake. Dakika 30 kwenye rafu yenye hewa zinatosha kuikoa. Halafu kuna vumbi na maji. Plagi inayochomolewa mara mbili kwa siku huchomolewa mara 600 kwa mwaka. Pini zikilegea ukinzani unaongezeka, plastiki inaanza kuwa kahawia, kisha inayeyuka. Kabla ya masika, kagua raba ya mdomo wa kasha. Ukiona pini moja imebadilika rangi, badilisha pande zote mbili za plagi, la sivyo ile iliyoungua itaiunguza mpya.

Yote haya yanatuleta kwenye swali la nani anabeba hasara ya kuchoka kwa betri. Mfumo wa kubadilisha betri una jibu zuri: mwenye betri ni kampuni, dereva analipia chaji tu. Rwanda imeujaribu kwa upana, na tangu Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria zinazosajiliwa Kigali zinatakiwa ziwe za umeme. Mfumo huo unamwondolea dereva hofu ya kulipa milioni moja na nusu siku betri ikifa. Naukubali mfumo huu kwa sababu hiyo. Lakini una mtego ambao lazima usemwe waziwazi: mara nyingi betri ya kampuni moja haikubali pikipiki ya kampuni nyingine, hata plagi zikifanana, kwa sababu BMS inadai salamu ya siri kutoka kwa kontrola, kifaa kinachoongoza mota. Dereva aliyezoea kuhama sheli moja kwenda nyingine kwa sababu ya shilingi 50 anajikuta na duka moja tu la nishati maisha yote ya chombo chake. Kampuni ikipandisha bei, analipa. Ikifunga kituo cha upande wake wa mji, anasukuma. Ikifunga biashara, ana fremu, matairi na mota.

Katika biashara ya bodaboda watu wanaijua pikipiki ya mkataba: unapeleka hesabu kila wiki kwa mwaka mmoja na kitu, halafu chombo ni chako. Mikataba mingi ya umeme inafanana na hiyo kwa nje, lakini mwishoni dereva anamiliki pikipiki isiyo na betri. Si haramu, ila lazima aelezwe siku ya kwanza, kwa Kiswahili, na kwa namba. Mkataba wa haki utaje bei ya juu ya kila betri kwa muda wote wa mkopo. Utaje kiwango cha chini cha afya ya betri anayopewa, na mimi ningeweka asilimia 75, kwa sababu betri ya asilimia 60 inayouzwa kwa bei ya nzima ni lita moja ya petroli iliyopunjwa. Na useme nini kitatokea mtandao wa vituo vya betri ukizimwa.

Kwa magari madogo swali ni hilohilo, kwa sura nyingine. Mnunuzi wa kawaida wa Tanzania, Kenya au Uganda hanunui gari jipya; ananunua mtumba wa Japani. Kwake teknolojia ya betri ni ile iliyotumika miaka minane iliyopita na kuchoka kwenye mikono ya mtu mwingine. Nissan Leaf ya kwanza ilikuwa na betri ya uniti 24 isiyo na mfumo wa kupoozwa, ikitegemea hewa tu. Ikifika hapa na asilimia 70 ya afya, inabaki na uniti 15 za kutumia, ambazo ni kilomita 100 bila kiyoyozi. Dar es Salaam hadi Morogoro ni takriban kilomita 190. Gari hilo ni la mjini, na kwa kazi ya mjini ni zuri, mradi bei yake ifuate betri.

Kabla ya kulipa, usiridhike na vijiti 12 vya afya ya betri kwenye dashibodi. Kuna wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ili vijiti vyote virudi kwa wiki chache. Tumia kifaa cha OBD cha bluutuzi, kinachosoma kompyuta ya gari, na programu ya simu ya Leaf Spy, soma afya ya betri, kisha liendeshe gari hadi chaji ibaki asilimia 15 na uangalie jozi 96 za seli. Tofauti kati ya ya juu na ya chini ikiwa milivolti 30, hakuna neno. Ikizidi 100, kuna moduli inayokufa. Habari njema ni kwamba betri hiyo ina moduli 48 zinazofunguka kwa bolti, na moduli nzima kutoka gari lililogongwa inaweza kuokoa gari jingine. Kazi hiyo inafanyika kwenye volti karibu 400, kwa glovu maalumu na baada ya kuchomoa plagi ya usalama, si kwa ujasiri.

Malori ya Dar es Salaam hadi Tunduma yasubiri. Lori la tani 40 linalokula uniti 1.4 kwa kilomita linahitaji uniti 700 kwa kilomita 500 tu, yaani betri ya tani tano inayokaa mahali pa mzigo. Sodiamu itafaa bajaji kabla ya kufaa lori, kwa kuwa bajaji ina nafasi na haijali kilo kumi za ziada.

Kuhama kwa dunia kwenda LFP kunagusa pia watu wanaozungumza lugha hii huko Kolwezi na Lubumbashi. Congo huchimba zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, na LFP haina kobalti hata chembe. Mwaka 2024 ilikuwa tayari karibu nusu ya soko la betri za magari. Februari 2025 serikali ya Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa kobalti ili kuinua bei iliyoporomoka. Grafiti ya Mahenge na Ruangwa, Tanzania, iko pazuri zaidi, kwa sababu LFP na ile ya nikeli zote zinaihitaji, kama kilo moja kwa kila uniti.

Zinazobaki ni kanuni ambazo hazihitaji maabara. Shirika la viwango likubali plagi moja na lugha moja ya BMS kwa pikipiki, kama soketi ya pini tatu ilivyo moja kwa pasi zote. Kasha la betri lifunguke kwa bolti na seli zipatikane kama spea. Kila betri inayouzwa au kukodishwa iandikwe afya yake kwa asilimia, na kipimo hicho kisomeke kwa simu ya dereva mwenyewe. Na kampuni inayopewa leseni ya mtandao wa betri iweke amana ya namba za kufungulia BMS kwa mdhibiti, zitolewe kwa mafundi siku kampuni hiyo ikisimamisha huduma kwa siku 30 mfululizo.